Jasusi Anayejifanya Mwizi: Mwongozo wa Upelelezi katika Battle for Wesnoth

Kila anayeanza kucheza Battle for Wesnoth, mchezo wa vita wa zamu kwa zamu kwenye kompyuta, kwa upande wa Knalgans huja na maswali yaleyale. Huyu Thief mwenye uhai 24 ni wa kazi gani? Mbona nikimtuma mbele anauawa hata hajafika? Na kama kweli ni mwizi, kwa nini adui anamwona mchana kweupe? Mwongozo huu unayajibu kwa kukuonyesha kazi moja anayoifaa kuliko zote: ujasusi. Unamwacha adui amwone, amdharau, adhani kaja kuiba kijiji, kumbe ulichonunua ni macho yake. Kuanzia hapa nitamwita Mwizi.

Nimeuandika kwa mechi ya watu wawili mtandaoni, ukungu (unaoficha maadui walio nje ya upeo wa askari wako) ukiwa umewashwa. Kompyuta hudanganyika kwa namna nyingine, nayo nitaigusa huko chini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mchezo wenyewe. Ni wa bure, msimbo wake uko wazi, na upo tangu 2003 kwa Windows, macOS na Linux. Uwe umeshapita mafunzo ya ndani ya mchezo. Kama bado hujui kuajiri askari au kuteka kijiji, anzia huko kwanza.
- Kundi la Knalgans, yaani mbilikimo na wahalifu waliokula yamini pamoja. Hao ndio wanaoajiri Mwizi.
- Ukungu. Anayeandaa mechi ndiye anayeuwasha. Bila ukungu kila mtu anaona ramani nzima, na jasusi anabaki kuwa askari dhaifu tu.
- Ramani yenye vijiji vya pembeni, mbali kidogo na njia kuu ya mapambano. Ramani nyembamba yenye njia moja haifai; hapo nunua mbilikimo upigane.
- Dhahabu 13 ambazo hutazililia.

Takwimu za kukariri

Mwizi anagharimu dhahabu 13, ana uhai 24 na mwendo 6. Kisu chake ni 4-3: mapigo matatu, kila moja likiondoa uhai 4. Kwenye nyasi anakwepa asilimia 60 ya mapigo. Kijijini, ngomeni, msituni na milimani asilimia 70. Majini na kwenye kinamasi anashuka hadi 40. Akipatikana lakini anaumia kuliko wengine: silaha za makali humzidishia asilimia 30, za kuchoma kwa ncha, kama mkuki, na za kuponda asilimia 20. Usiku nguvu yake hupanda kwa asilimia 25, mchana hupungua kwa kiasi hichohicho. Matoleo ya mchezo hurekebisha takwimu hizi kidogo mara kwa mara, kwa hiyo fungua maelezo ya askari ndani ya toleo lako uhakikishe.

Kuhusu kuona, kanuni ni moja na wengi wanaikosea. Askari huona kila kigae ambacho angeweza kukifikia kwa mwendo wake kamili, kana kwamba maadui hawapo njiani, kisha anaongezewa kigae kimoja mbele. Basi. Kupanda mlimani hakukuongezei upeo hata kidogo. Kinachokata macho ni ardhi inayokula mwendo: msitu, milima, maji. Kwenye uwanda mtupu, Mwizi anaona vigae 7 kila upande.

Hatua

1. Ajiri Mwizi mmoja, kisha soma sifa zake

Mwajiri zamu ya kwanza, kwenye kigae cha ngome kilicho karibu zaidi na pembeni unakotaka kumpitisha. Mchezo utampa sifa mbili kwa bahati nasibu. Unayoitamani ni quick: mwendo unakuwa 7, uhai unashuka hadi 23. Kigae kimoja zaidi cha mwendo ni kigae kimoja zaidi cha kuona, na ndicho kinachomtoa mtegoni. Resilient nayo si mbaya, maana inampandisha hadi uhai 29. Akitoka na strong na intelligent, mpeleke vilevile, ila usimsukume mbali sana.

Usiajiri wa pili kwa tamaa ya kupata quick. Wezi wawili zamu ya kwanza ni mbilikimo mmoja na zaidi anayekosekana mbele, na adui makini atalisoma hilo mapema.

2. Hesabu njia kabla hajaondoka ngomeni

Siku moja ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kisha zamu mbili za usiku. Mechi ikianza alfajiri, usiku unaangukia zamu ya 5 na ya 6, halafu ya 11 na ya 12. Mechi nyingine huanza saa yoyote kwa bahati nasibu, kwa hiyo tazama alama ya jua juu ya skrini kabla ya kuhesabu.

Mwizi aliyeajiriwa zamu ya kwanza hasogei mpaka ya pili. Kufika magharibi, zamu ya 4, ana mwendo 18 mkononi. Nyasi hula 1 kwa kigae, msitu na vilima 2, milima 3. Weka kidole kwenye ramani uhesabu kweli. Lengo ni giza likiingia awe tayari kwenye ubavu wa adui, si njiani.

Tazama pia maji ya kina kifupi na vinamasi. Mwizi hulipa 2 kwa kigae pale ambapo askari wengi wa kibinadamu hulipa 3. Kinamasi ambacho adui amekiacha wazi kwa kuona hakipitiki kinaweza kuwa mlango wako wa uani. Ila usimalizie zamu humo; ukiwa na asilimia 40 za kukwepa, hata mpiga mishale mchovu atakupata.

3. Jitambulishe kama mwizi

Wengi wanaosoma neno jasusi hudhani sharti ajifiche tangu mwanzo. Acha aonekane. Mpitishe mahali ambapo skauti wa adui atamwona, kisha ateke kijiji cha pembeni. Kikiwa cha adui, vizuri zaidi.

Kijiji kimoja katika mipangilio ya kawaida ya mtandaoni hutoa dhahabu 2 kwa zamu na kubeba gharama ya kumtunza askari mmoja wa ngazi ya kwanza. Ukikiiba, wewe unapanda kwa 2 naye anashuka kwa 2. Hasara hiyo ni ndogo lakini inawasha, kama mbu chumbani. Adui ataona jina Thief, ataona kijiji kimebadili bendera, na atafanya hesabu rahisi: kuna mwizi huko, nitume mtu mmoja akamfukuze. Akishafanya hesabu hiyo, umeshamficha jasusi wako. Kuanzia hapo kila Mwizi atakapoonekana, adui atatazama vijiji vyake na hatajiuliza kwa nini mwizi amesimama mahali ambapo hakuna cha kuiba.

Angalizo mbili. Kuteka kijiji humaliza mwendo wote uliobaki, kwa hiyo kijiji kiwe kituo cha mwisho cha zamu, kamwe kisiwe katikati ya safari. Na mchezo unakuruhusu kumbadilishia askari jina, jina ambalo adui pia analiona. Yupo atakayeshawishika kumwita Jasusi. Tafadhali.

4. Toweka

Hapa ndipo swali la mchana kweupe linapojibiwa: Mwizi hana uwezo wowote wa kujificha. Katika ukoo wa wahalifu, anayeweza kujificha vijijini ni Fugitive, na huyo ni wa ngazi ya tatu, anatoka kwa Footpad. Mwizi wako anafichwa na ukungu wa adui peke yake. Asipoonwa na askari yeyote, hayupo.

Macho ya adui yanafuata kanuni ileile ya macho yako. Kwa hiyo baada ya kuiba, weka kielekezi juu ya kila adui unayemwona, au bonyeza Ctrl na V pamoja ili ramani ikuonyeshe vigae vyote ambavyo maadui wanaoonekana wanaweza kufika. Ongeza kigae kimoja kuzunguka eneo hilo. Kaa nje yake. Nami huongeza kimoja kingine cha tahadhari, kwa sababu onyesho hilo huhesabu jinsi askari wako wanavyomzuia adui kupita, ilhali macho hayazuiwi na yeyote.

Pazia bora hutegemea unacheza na nani:

- Loyalists: misitu na milima inafaa sana. Farasi wao wana mwendo 8 na huona mbali uwandani, lakini kwenye milima na misitu hukwama.
- Rebels: msitu si pazia. Askari wao wa jamii ya Elves hutembea msituni kama uwandani, hivyo wanaona ndani yake kirahisi. Tumia milima.
- Drakes: wanaruka, na kwao mlima na nyasi ni mamoja. Kujificha kwa muda mrefu ni karibu haiwezekani. Dhidi yao fanya safari fupifupi na usilale karibu.

5. Chungulia, kisha rudi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Jifunze hatua hii vizuri hata kama nyingine utazifanya kwa kubahatisha.

Askari anapofika kwenye kigae, mchezo humpa upeo wa mwendo wake kamili hata kama amebakiwa na mwendo kidogo. Na vigae vilivyofunuliwa hubaki wazi mpaka umalize zamu yako. Unganisha mambo hayo mawili: Mwizi akitoka maficho yake akasonga vigae 3 vya nyasi, ataona 7 mbele ya hapo, halafu ana mwendo 3 wa kurudi alikotoka. Umeona vigae 10 kutoka maficho, na adui akianza zamu yake hakuti mtu.

Utaratibu ni huu:

a) Msogeze Mwizi kabla ya askari mwingine yeyote, na kabla ya kuajiri. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumwacha awe wa mwisho. Habari anazoleta zamu imeshaisha hazikusaidii kitu.

b) Songa kigae kimoja au viwili kwa wakati. Ukibofya mbali moja kwa moja, unaweza kujikuta umemaliza mwendo mahali pabaya.

c) Mchezo utamsimamisha wenyewe akimwona adui mpya. Usikimbilie kuendelea. Tazama kwanza, ukiamua aendelee, bonyeza herufi T.

d) Kumbuka kwamba hatua iliyofunua ukungu haifutiki. Hakuna kurudisha nyuma.

e) Rudi. Ukiona kitu kizuri mno utatamani kubaki. Rudi.

Njia nyingine ni kumwacha asimame mahali panapoona ngome ya adui wakati wa zamu ya adui. Utaona moja kwa moja nani anaajiriwa na nani anaelekea wapi. Ni tamu, na ni hatari zaidi. Mimi naitumia zamu moja tu, zamu ile ambayo adui ana dhahabu za kutosha kuajiri kundi la pili.

6. Geuza ulichokiona kiwe uamuzi

Kuona bila kubadilisha chochote ni utalii. Kila Mwizi anapochungulia, jibu maswali matatu: nani ameajiriwa, nani ameumia, na nani hayupo mahali alipopaswa kuwa.

La kwanza ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu unaweza kuajiri kwa kulijibu zamu hiyohiyo. Ukiona Dark Adept kadhaa wa Undead, ajiri Ulfserker, mbilikimo wa kupigana karibu kwa karibu. Dark Adept hana silaha ya karibu kabisa, na Ulfserker akianza hasimami. Ukiona mifupa, yaani Skeleton, mwache Ulfserker nyumbani. Mifupa inaogopa nyundo ya Dwarvish Fighter na rungu la Footpad. Ukiona Drakes wengi wenye mabawa, ongeza Dwarvish Thunderer, maana risasi zao huchoma kama mkuki, na mazimwi hao hawavumilii kuchomwa hivyo. Ukiona Horseman wawili watatu wa Loyalists, weka Dwarvish Guardsman mwenye mkuki mbele. Farasi wanapovamia huumiza maradufu, na huumizwa maradufu vilevile.

Kisha hesabu mfuko wake. Mechi nyingi huanza na dhahabu 100. Mapato ya kila zamu ni 2 za msingi, na 2 kwa kila kijiji. Adui mwenye vijiji 8 anapata 18, mradi jumla ya ngazi za askari wake haijapita 8. Kila ngazi inayozidi inamla dhahabu moja. Jumlisha bei za askari uliowaona. Kama hesabu inasema lazima awe amenunua zaidi ya hao, basi kuna askari ambao hujawaona, na mahali pa kuwatafuta ni ubavu wako mwenyewe.

La tatu ni la wenye subira. Uwanja mtupu ni habari pia. Mwizi akichungulia kaskazini akakuta nyasi, kundi zima liko kusini, na mbilikimo wako walio kaskazini wanaweza kutembea.

Ukicheza na mwenzako wa timu, weka lebo kwenye ramani. Hakikisha ni lebo ya timu, maana ile ya kawaida husomwa na kila mtu.

7. Mweke hai

Waswahili tunasema siku za mwizi ni arobaini. Katika Wesnoth ni chache kuliko hizo, na kinachozimaliza ni kati ya vitu vitano hivi.

*Horseman mchana.* Fanya hesabu: mkuki wake ni 9-2, uvamizi unazidisha mara mbili, jua linamwongezea asilimia 25, na Mwizi huumizwa na silaha za kuchoma kwa asilimia 20 zaidi. Pigo moja linazidi uhai 24. Moja tu. Kwenye nyasi kila pigo lina nafasi ya asilimia 40, na ana mapigo mawili, kwa hiyo Mwizi mzima asiye na resilient anakufa mara 64 katika 100. Ukimwona Horseman mchana, tafuta mlima au ondoka.

*Wachawi.* Uchawi wa Mage, Dark Adept na Saurian Augur hupata asilimia 70 popote ulipo. Kijiji, mlima, ngome, vyote ni sawa. Silaha kuu ya Mwizi ni kukwepa, nao wameifuta.

*Orcish Assassin.* Visu vyake vya kurusha vina sumu, na akishambulia yeye hupata angalau asilimia 60. Sumu hula uhai 8 kila zamu mpaka ufike kijijini, na jasusi kwa kawaida yuko mbali na kijiji chake. Isitoshe, maorki nao ni watu wa usiku kama wewe, kwa hiyo giza halikupi faida juu yao.

*Wose msituni.* Huyu mti anayetembea hujificha msituni na haonekani mpaka umkaribie kigae kwa kigae. Ukicheza na Rebels, msitu uliouona mtupu huenda si mtupu.

*Kuzingirwa.* Askari wa ngazi ya kwanza na kuendelea hudhibiti vigae sita vinavyomzunguka. Ukiingia kimojawapo, mwendo wako unakwisha. Maadui wawili wakisimama pande mbili zinazokabiliana na Mwizi, hatoki. Kwa hiyo kabla ya kumaliza zamu, hesabu njia za kutorokea ziwe angalau mbili, na zisielekee upande mmoja. Walio ngazi ya sifuri, kama Vampire Bat na Walking Corpse, hawana udhibiti huo. Unaweza kuwapita mbele ya pua.

Akijeruhiwa, kijiji humrudishia uhai 8 kwa zamu. Akikaa bila kusogea zamu nzima mahali pengine hupata 2. Ukiona amebaki na uhai chini ya 12 na ramani ndiyo kwanza inachangamka, mrudishe nyumbani.

8. Vua barakoa, usiku, mara moja

Mwizi aliyeko nyuma ya adui yuko tayari pale ambapo kisu chake hufanya kazi. Akishambulia adui ambaye upande wa pili, kwenye mstari ulionyooka, kuna askari wako mwingine, kila pigo huzidishwa mara mbili. Kisu cha 4-3 kinakuwa 8-3, na usiku kinakuwa 10-3. Mapigo yote matatu yakipata ni uhai 30, yaani zaidi ya Dark Adept au Mage wa kawaida.

Chagua aliyeumia, au asiyeweza kujibu. Dark Adept hawezi kabisa, na Mage hujibu kwa fimbo ya kusikitisha. Epuka Skeleton na Ghost; kisu hakiwafanyi kitu.

Mbilikimo wako wa mbele wapige kwanza, Mwizi amalizie. Kumuua adui wa ngazi ya kwanza kunampa uzoefu 8, wakati kupigana naye tu kunampa 1. Akipanda ngazi anakuwa Rogue, na Rogue hupenya katikati ya maadui bila kuzuiwa na udhibiti wao. Jasusi wa namna hiyo ni balaa.

Baada ya hapo hana siri tena. Adui ameshajua kwamba yule si mbu. Mchukulie kama askari wa kawaida, au mtoe pembeni zamu nne tano mpaka asahaulike, kisha aanze tena kwa kijiji.

Mambo yakienda kombo

*Nimemsogeza Mwizi lakini ukungu hauondoki.* Umewasha chaguo la kuchelewesha ufunuaji wa ukungu, huenda kwa bahati mbaya. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ramani, ulizime, au uchague kusasisha papo hapo.

*Amesimama njiani na ana mwendo.* Ameona adui mpya. Bonyeza T. Kama mwendo umekuwa sifuri, ameingia kwenye udhibiti wa adui au amejikwaa kwa aliyejificha, na hapo hakuna dawa ila kujiandaa kupigwa.

*Kisu hakikuzidishwa mara mbili.* Ama mwenzake hakuwa upande unaokabiliana kabisa, kigae cha jirani hakitoshi, ama Mwizi ndiye aliyekuwa anashambuliwa. Uwezo huo hufanya kazi akianza yeye. Dirisha la kuthibitisha shambulio huonyesha idadi kabla hujakubali, lisome.

*Adui hamjali kabisa.* Iba kijiji kingine. Na kingine. Akiendelea kutojali, mapato yake yatamwambia mwenyewe.

*Adui ametuma watatu kumfukuza.* Hongera. Askari watatu wanamkimbiza mtu wa dhahabu 13. Shambulia mbele zamu hiyohiyo, na Mwizi akimbie kuelekea mbali zaidi na uwanja wa vita, si kurudi kwako.

*Nacheza na kompyuta na hadanganyiki.* Kompyuta haizuiwi na ukungu, kwa hiyo hatua ya 4 haina maana kwake. Lakini ina uroho wa vijiji na wa askari dhaifu. Mweke Mwizi mlimani au kijijini ndani ya upeo wake, na utaona askari wakiacha mstari kumfuata. Hapo ni chambo, si jasusi, na kazi hiyo anaiweza vilevile.

*Kwa nini nisitumie Gryphon Rider au Footpad?* Gryphon Rider anaruka na anaona mbali, lakini ana bei ya karibu Wezi wawili, na adui akimwona anajua mara moja kwamba anachunguzwa. Footpad ni swali gumu zaidi. Ana mwendo 7, anavumilia kuliko Mwizi, na anagharimu dhahabu moja tu ya ziada. Kama unataka macho peke yake, na ramani ni pana, mchukue Footpad bila kusita. Mwizi namchagua pale ninapocheza na kundi lenye wachawi wengi nyuma ya mstari, ambako usiku wa zamu ya 5 na ya 6 kisu kitahitajika palepale macho yalipo.